Pua Butu

Bomba tulilipata Pasua, nyuma ya kiwanda cha kahawa kilichofungwa:
mita tisa za chuma, nje kutu, ndani laini kama koo.
Tulilisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa
mpaka Ndewirwa akamulika tochi upande ule
nami upande huu nikaona duara la mwanga lisilo doa.
"Sasa," akasema, "tuna barabara."

Mimi mkereza vyuma.
Nilipoagizwa chombo cha kupita sauti mara sita
nilikipa pua ya sindano,
maana nani asiyejua kwamba chenye kasi huchongoka?
Ndewirwa akaigusa kwa kidole, akanirudishia.
"Hii itaungua, Aikaruwa. Nitolee butu.
Kama kidole gumba. Kama goti la mtoto."
Nilinuna siku mbili. Nikakereza.

Kasi yenyewe, tuelewane:
ukitoka mnara wa saa wa Moshi
unafika mnara wa saa wa Arusha
na chai uliyomiminiwa bado yaunguza mdomo.
Boma Ng'ombe ni jina unalolianza;
unapolimaliza, Usa River iko mgongoni.

Lakini sisi hatuna anga ya kurushia.
Tuna chumba chenye dirisha nene,
na chombo kidogo kama bilauri, kimekazwa kwa skrubu,
hakiendi popote.
Upepo ndio unaotumwa.

Kati ya shinikizo na utupu pana bati la alumini tu,
nimelikwaruza msalaba katikati
ili likizidiwa lipasuke kwa adabu.

Siku kumi na moja.
Pampu inanyonya, umeme unakatika,
utupu unavuja usiku kama siri ya ndoa,
asubuhi tunaanza na sifuri.
Siku ya tano matarumbeta ya kipaimara kwa jirani
yalikishtua kihisi,
kamera ikapiga picha ya jambo ambalo halikutokea.
Ndewirwa hakuifuta. Aliibandika ukutani.

Jumanne, saa tisa alasiri, Pasua ikapasua.
Mlio mmoja.
Kuku wa Mama Ndeshi wakatawanyika,
naye akachungulia juu ya ukuta, ufagio mkononi:
"Mmelipua nini tena?"
Milisekunde nne zilikwisha
kabla moyo wake haujapata nafasi ya kuruka.

Mwanga tulikuwa tumeupitisha kwenye kioo cha mbonyeo,
halafu kwenye makali ya wembe,
wembe uleule wa kinyozi,
kwa kuwa hewa iliyobanwa huupinda mwanga
na wembe hukata uliopinda.
Kinachosalia ni kivuli cha upepo.

Tukakiona.
Uta mweusi, umesimama mbele ya pua,
haukuigusa.
Kati yao upana wa punje ya mchele.
Pale hewa ilijigonga yenyewe, ikajichoma yenyewe,
moto wake mwingi ukapita kando
kama maji yanavyolikwepa jiwe mtoni Karanga.

Alhamisi tuliipima na sindano yangu; mimi ndiye niliyeng'ang'ania.
Rangi ya kupimia joto ilikuwa imeungua nchani, nyeusi tititi.
Ya butu ilibaki waridi.
Ndewirwa alitazama kando, asinione usoni.
Sikumwambia kwamba darasa la pili
mwalimu aliniita butu mbele ya wote,
na kwamba tangu siku ile nimenoa kila kitu nilichoshika.

Mama Ndeshi alizunguka, akaingia kwa mlango.
"Basi kimefika wapi, hicho chenu?"
"Hakikuondoka, mama."
Akakitazama kwenye skrubu zake. Akatutazama sisi.
Kisha akainama, akaokota lile bati
lililofunguka majani manne kama ua,
akaligeuza, akapuliza vumbi,
akauliza kama tunalitupa.